Tuta la bwawa letu la mapumziko linalowa mguuni: ni mizizi, ni bomba au ni chemchemi?

#1 MlinziWaTuta
Wakuu, salaam. Natunza bwawa la udongo la klabu ya makasia na uvuvi wa ndoano. Tuta lina miaka 50 na ushee. Penye kina zaidi limepanda mita 8, na kutoka ncha hadi ncha ni hatua 210 za miguu yangu. Waliolijenga wengi wametangulia mbele za haki, na ramani iliyobaki ni karatasi moja iliyoliwa na mende.

Msimu huu upande mkavu wa tuta, kama mita 2 juu ya usawa wa chini, nyasi zimekuwa kijani kibichi wakati za jirani zimekauka. Nikikanyaga, kiatu kinazama hadi kwenye kamba. Eneo lenyewe linaenea mikeka minne hivi. Chini yake kuna kijitundu kinachotiririsha maji, unene wa kidole gumba, mchana na usiku.

Mimi nasema ni mizizi. Miaka sita iliyopita tulikata miti minne mikubwa juu ya tuta, visiki tukaviacha. Mizizi imeoza, maji yamepata njia. Kamati inasema unyevu huo ulikuwepo tangu zamani na fedha ziende kwenye gati jipya la boti. Nifungulie maji yote yaishe nilale usingizi, au mnanishauri nini?

#2 ChepeMkononi
Mkuu, hapo kwenye kufungulia maji yote simama kwanza. Tuta lililoegemewa na maji miaka 50 limeshiba. Ukishusha bwawa kwa pupa, udongo wa upande wa maji unabaki mzito na maji yake tumboni, wakati ile presha ya bwawa iliyokuwa ikiushikilia imeondoka. Bonge zima linateleza kuingia bwawani. Nimeshuhudia kwa macho yangu: jioni kulikuwa na ufa mwembamba juu ya tuta, asubuhi tukakuta kipande cha mita 12 kimelala chini.

Sisi hushusha sentimita 15 kwa siku, tukizidisha sana 30, na kila asubuhi mtu anatembea juu ya tuta akitafuta nyufa.

Swali: maji ya hicho kijitundu ni maangavu au yana rangi ya udongo?

#3 Fundi Bomba
Kabla hatujaenda kwenye mizizi: bomba la kutolea maji limepita wapi, ni la nini, na koki yake iko upande gani? Nakwambia hata kabla hujajibu, ni bomba.

#4 Kasia la Pili
Fundi Bomba na bomba lake tena 😂 Kwenye uzi wa bwawa la samaki ulisema bomba, ikaja kuonekana ni kaa.

#5 Fundi Bomba
Kaa aliyechimba kwa kufuata ubavu wa bomba, ndugu yangu. Rudi ukausome hadi mwisho.

#6 MlinziWaTuta
#2, nimeyakinga kwenye glasi, maangavu kabisa.
#3, bomba ni la mabati yenye mawimbi, lile la kalavati, kipenyo sentimita 45. Limepita katikati ya tuta. Koki iko upande mkavu. Loweko liko mita 7 kushoto mwa bomba.

#7 Fundi Bomba
Asante kwa majibu. Sasa nisikilizeni kwa utulivu.

Koki ikiwa upande mkavu maana yake ni kwamba bomba limejaa maji yenye presha ndani ya tuta saa zote 24, miaka yote 50. Koki ingekuwa upande wa maji, ukiifunga bomba linabaki tupu, na likitoboka hasara ni ndogo. La kwako likitoboka maji yanasukumwa moja kwa moja ndani ya udongo. Na mabati ya kalavati hayakuumbwa kuishi milele. Kutu inaanzia sakafuni mwa bomba, mahali usipopaona. Miaka 50 ni uzee kamili.

La pili ni nje ya bomba. Udongo wa chini ya kiuno cha bomba la duara ni mgumu kushindilia, mashine haifiki pale. Wajenzi wa zamani walivisha bomba kola za zege wakiamini zitazuia maji kufuata ubavu wake. Siku hizi wahandisi wengi wameziacha, kwa sababu kola inazuia hata ushindiliaji. Wanazungushia mchanga wa kuchuja sehemu ya bomba iliyo karibu na upande mkavu.

Mita 7 pembeni si hoja. Maji hayatoki pale yalipoingilia, yanatoka pale palipolegea.

#8 Nyasi Fupi
Kwa heshima zote Fundi, mtoa mada asipuuzwe kuhusu visiki. Watu wanadhani ukikata mti umemaliza kazi. Mti mzima mizizi yake walau imejaa. Ukiukata, mizizi inaoza taratibu kwa miaka na kuacha vijia tupu ndani ya udongo. Miaka sita ndio wakati wake hasa.

Mimi niliwahi kung'oa kisiki juu ya tuta. Nikavuta mzizi mmoja mnene kama mkono wangu, ukatoka gamba tupu, ndani umekuwa unga. Nikasukuma fito kwenye shimo lake, ikaingia hadi nikashikwa na hofu nikaacha.

Dawa ni kuchimba kisiki pamoja na mizizi mikubwa, kupanua shimo lisiwe na kuta zilizosimama, kisha kurudishia udongo uleule kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka ishindiliwe. Halafu nyasi fupi, basi. Si maua, si miti ya kivuli, si vichaka. Vichaka vinakufichia fuko na panya, na mashimo yao ni mabomba pia.

#9 Jiwe la Pembeni
Mbona wote mmekimbilia ndani ya tuta? Kushoto kuna kilima au tambarare? Tuta likishikana na kilima, maji ya mvua yanayotembea ndani ya mwamba hutokea palepale kwenye mshono. Nimeona watu wamefukua tuta zima wakitafuta tundu, kumbe ni chemchemi iliyokuwepo kabla bwawa halijajengwa.

Kipimo chake ni rahisi: pima joto. Maji ya chemchemi hayabadiliki sana asubuhi na mchana, ya bwawa yanafuata jua.

#10 Mzee wa Nyavu
Vijana, mnabishana kuhusu tone wakati kifo cha mabwawa mengi kiko juu. Utoro wa maji ukoje? Nauliza ile njia ya pembeni inayotoa maji ya ziada wakati wa mafuriko. Maji yakipita juu ya tuta la udongo, kwisha habari yake.

Someni habari ya bwawa la South Fork, Pennsylvania, Marekani. Nalo lilikuwa bwawa la udongo la klabu ya mapumziko, watu wa boti na ndoano kama ninyi. Wenye klabu waliondoa mabomba ya chini ya kutolea maji wakayauza, wakapunguza kimo cha tuta ili magari ya farasi yapishane juu yake, wakaweka wavu kwenye utoro ili samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ikanyesha, takataka zikaziba wavu, maji yakapanda tuta. Waliokufa bondeni, Johnstown, ni 2,209.

#11 Dada Kipimo
Shikamoo Mzee wa Nyavu. Habari yako ni ya kweli isipokuwa mahali pamoja: mabomba yaliondolewa na mmiliki aliyetangulia, ndiye aliyeyauza kama chuma chakavu. Klabu ililirithi bwawa hivyo na haikuyarudisha. Naona hilo ni somo chungu zaidi, maana hawakuharibu wao; walikaa tu na kasoro waliyoikuta, hivyo siku ya mvua kubwa hawakuwa na namna ya kushusha maji.

MlinziWaTuta, kabla ya mizizi, bomba au chemchemi, anza kupima. Chimba kijifereji kikusanye maji yote ya loweko yapite sehemu moja. Weka ndoo ya lita 10, hesabu sekunde hadi ijae. Andika tarehe, sekunde, kimo cha maji bwawani, na kama mvua imenyesha. Ukiweza, funga kibao chenye mkato wa V wa nyuzi 90. Maji yakipita kwa kina cha sentimita 3 ni kama lita 0.2 kwa sekunde. Kina kikifika 6, usidhani umepata mara mbili, hapo ni lita 1.2. Kibao hicho kinakuonyesha mabadiliko madogo ambayo jicho linayapuuza.

Na chupa ya kioo. Kila asubuhi ijaze, iache itulie saa nzima, tazama kitako chake. Tuta la udongo lisilopitisha maji hata kidogo halipo. Kitako cha chupa ndicho kitakachokuambia kama maji yanatoka peke yake au yanatoka na tuta lenyewe.

#12 MlinziWaTuta
Marahaba ya Mzee wa Nyavu mwachieni mwenyewe, mimi nimekaa kimya tangu jana kwa sababu ya #10. Nimwambie nani kama si ninyi? Utoro wetu umewekewa mbao tatu, zimesimama kwenye zege, ili maji yapande sentimita 40 boti zisiguse tope upande wa kaskazini. Na mbele ya mbao kuna wavu wa samaki. Nimeukuta hivyo nilipoanza kazi. Kila mwaka nausafisha nikijiona naufanyia wema.

Halafu nimepima usawa wa mgongo wa tuta kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, kama mafundi ujenzi wafanyavyo. Katikati, pale wavuvi wanapopita, pamelala sentimita 22 chini kuliko ncha zake.

Kwa Jiwe la Pembeni: ndiyo, kushoto kuna kilima.

#13 ChepeMkononi
Toa hizo mbao. Na wavu. Leo, kabla hujajibu mtu mwingine humu. Toa moja, subiri maji yatulie, kisha nyingine.

Fikiri: umeongeza maji sentimita 40, katikati ya tuta pamepungua sentimita 22. Ile nafasi ya usalama kati ya maji na mgongo wa tuta imeliwa kutoka juu na kutoka chini. Maji yakipanda hayamwagiki kwa usawa tuta zima, yanakimbilia bonde moja la katikati, juu ya bomba lako hasa.

Na loweko lenyewe linaweza kuwa mtoto wa hizo mbao. Maji yakikaa juu zaidi, mstari wa unyevu ndani ya tuta nao unapanda na kutokea juu zaidi upande mkavu. Mbao ziliwekwa lini?

#14 MlinziWaTuta
Mbao zimetoka jana jioni, wavu pia. Mwenyekiti kanuna. Ziliwekwa miaka mitano iliyopita, mwaka mmoja baada ya kukata miti. Kwa hiyo sasa sijui nilaumu kipi.

#15 Mgeni Mtulivu
Nimejiunga ili nichangie hapa. Baba yangu mdogo alitunza bwawa lililovuja miaka 30 bila neno. Alikuwa na mfereji wa mawe chini ya tuta, maji yanatoka, ng'ombe wanakunywa. Dada Kipimo kasema mwenyewe kila tuta linapitisha maji. Je, hatumtishi mwenzetu bure?

#16 Kasia la Pili
Karibu sana. Swali lako limenikaa, hata mimi nilitaka kuliuliza.

#17 Dada Kipimo
Karibu, ndugu. Bwawa la baba yako mdogo lilikuwa na mfereji wa mawe, maana yake aliyelijenga alijua maji yatapita akayatengenezea mlango. Hapa maji yamejitokea yenyewe mahali pasipopangwa. Hiyo ndiyo tofauti.

Na kasi inatisha. Bwawa la Teton, Idaho, Marekani, tarehe 5 Juni 1976: maji yenye tope yalionekana kwenye saa moja na nusu asubuhi. Saa sita kasoro dakika tatu mchana bwawa lilikuwa limebomoka. Watu 11 walikufa.

#18 Jiwe la Pembeni
Dada, Teton lilikuwa jipya, likijazwa kwa mara ya kwanza, na kimo chake ni mita zaidi ya 90. Si mwenzake wa huyu.

#19 Dada Kipimo
Nakubali, ni mpya. Basi chukua Lawn Lake, Colorado. La udongo, lilijengwa mwaka 1903, kimo chake kama mita 8, sawa na hili. Madini ya risasi yaliyoziba kiungo kati ya bomba na valvu yalichakaa, maji yakatafuna udongo kimyakimya. Tarehe 15 Julai 1982 likabomoka, watu 3 wakafa.

#20 Fundi Bomba
Kiungo cha bomba. Sisemi kitu, nimekaa tu.

#21 Mzee wa Nyavu
Marahaba Dada, na asante kwa kunisahihisha. Niongeze moja. Bwawa la Kelly Barnes, Toccoa, jimbo la Georgia, Marekani: tuta la udongo lililokuwa limebaki kuwa ziwa la mapumziko. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1977, baada ya mvua kubwa, likabomoka na kuua watu 39. Wachunguzi hawakuweza kutaja sababu moja. Walitaja mambo kadhaa yaliyosaidiana, likiwemo mteremko mkali uliomeguka. Kwa hiyo mnaogombea mizizi na bomba, huenda nyote mko sahihi, na hilo ndilo linaloniogopesha.

#22 Kasia la Pili
Nje ya mada kidogo: mawimbi ya boti zetu yanakula upande wa ndani wa tuta, pamekatika ngazi ya sentimita 30 hivi. Tukipanga mawe inatosha? Na mbuzi wanaruhusiwa kula nyasi za tuta?

#23 Nyasi Fupi
Mawe yawe ya ukubwa tofauti tofauti yashikane, na chini yake utangulize changarawe, la sivyo wimbi litafyonza udongo kupitia kwenye mianya na mawe yatazama. Mbuzi na kondoo wachache sawa, kwa zamu. Ng'ombe hapana. Kwato zake zinafungua vijia, mvua inavigeuza makorongo.

#24 Mgeni Mtulivu
Na utoro wenyewe wa zege, ukiota majani kwenye maungio kuna shida?

#25 Jiwe la Pembeni
Kubwa. Toddbrook, Uingereza, tarehe 1 Agosti 2019. Bwawa la karne ya 19, klabu ya matanga ilikuwa ikilitumia. Vibao vya zege vya utoro uliolazwa juu ya tuta vilibomoka wakati maji yakipita, wakazi zaidi ya 1,500 wakahamishwa, helikopta ikashusha magunia ya mawe kuziba. Tathmini huru ilisema utoro ulisanifiwa vibaya na matengenezo ya kusuasua yakazidisha. Majani kwenye maungio ni dalili kwamba maji yana mlango wa kuingia chini ya zege.

#26 MlinziWaTuta
Nimerudi na daftari. Wiki tatu sasa.

Bwawa likiwa limejaa, kabla sijatoa mbao, ndoo ya lita 10 ilijaa kwa sekunde 52. Baada ya kushuka sentimita 40: sekunde 71. Ikanyesha mvua siku mbili, bwawa sikuliacha lipande hata kidogo, ndoo ikajaa kwa sekunde 60. Baada ya siku tano za jua ikarudi 70.

Joto: loweko ni nyuzi 19 asubuhi na 19 mchana. Bwawa juu ni 21 asubuhi na 25 mchana.

Loweko limeshuka, sehemu ya juu imekauka, imebaki mikeka miwili.

#27 Jiwe la Pembeni
Joto halichezi, na mvua imeongeza maji wakati bwawa halikupanda. Hiyo ni chemchemi ya kilima, nimeridhika.

#28 Fundi Bomba
Mimi sijaridhika. Bomba linavuta maji ya kitako cha bwawa, na kule chini nako ni baridi na joto halibadiliki. Na kama ni kilima, kwa nini kushuka kwa bwawa sentimita 40 kumepunguza maji kutoka sekunde 52 hadi 71?

#29 Nyasi Fupi
Na mvua inaingia pia kwenye mashimo ya visiki, jamani. Visiki viko juu ya tuta, vinakinga maji kama bakuli.

#30 ChepeMkononi
Kila mtu kasoma daftari lile lile akakuta jina lake. Mlinzi, chupa inasemaje?

#31 MlinziWaTuta
Siku 19 safi. Juzi asubuhi, chini ya chupa kulikuwa na mchanga laini sana, kiasi cha kufunika ukucha wa kidole kidogo. Jana hakuna. Leo upo tena, kidogo zaidi. Nimeipeleka chupa kwenye kikao, nikaiweka mezani mbele ya mwenyekiti, sikuongea.

#32 ChepeMkononi
Hapo sasa. Usizibe lile tundu! Usilijaze udongo wa mfinyanzi wala zege. Ukiziba, maji yatajitafutia mlango mwingine na huo huenda usiuone. Weka mchanga safi uliooshwa juu ya tundu na mita moja kuzunguka, juu yake changarawe ndogo, kisha kubwa. Maji yapite, udongo ubaki. Mchanga ukichemka na kuinuka, ongeza uzito. Hii ni ya kukupa muda tu hadi mhandisi wa mabwawa aje, haichukui nafasi yake. Na endelea kushusha maji polepole.

Na Nyasi Fupi, tafadhali, Mlinzi asije akachimba visiki sasa. Hatuchimbi tuta lililoloa likiwa na maji mgongoni.

#33 Nyasi Fupi
Nimekuelewa. Visiki visubiri bwawa lishuke.

#34 Mzee wa Nyavu
Walio bondeni wanajua? Nyumba ya kwanza iko umbali gani?

#35 MlinziWaTuta
Mita 600, familia tatu. Nimekwenda mwenyewe jana jioni, nimewaachia namba yangu na kuwaonyesha njia ya kupanda kilimani. Mama mmoja kaniuliza, "Kwani siku zote hizo hamkujua?" Sikuwa na jibu.

Mchanga na changarawe vimewekwa, mimi na vijana wanne wa klabu, tangu alfajiri hadi saa nane. Mwenyekiti kabeba ndoo naye. Gati limeahirishwa. Mhandisi anakuja Alhamisi na kamera ya kupitisha bombani.

#36 Fundi Bomba
Mwombe asimame kwenye kila kiungo na azungushe kamera sakafuni. Kutu iko chini, si juu. Lete picha zote, hata zile anazosema hazina kitu.

#37 Jiwe la Pembeni
Na aangalie pia mshono wa kilima, usimwache aishie bombani.

#38 MlinziWaTuta
Nitamwomba yote mawili. Leo ndoo imejaa kwa sekunde 74, chupa ina mchanga wa kuhesabika, chembe saba. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nashusha sentimita nyingine 15.